Upana wa Watu Watatu

"Mzee Chumvi, mbona umevuka mstari?"

Mwashi alishusha nyundo. Vumbi jekundu lilikuwa limemkalia kwenye nyusi. Chaki ya mhandisi ilisema sentimita tisini. Tindo ya mwashi ilishakula matofali mawili zaidi.

"Tindo hii ina kichwa chake, Bi Mhandisi. Iliwahi kunitoroka, nikaikuta imejenga choo peke yake na inadai chai."

Mhandisi alicheka, kisha akakumbuka cheo chake.

Jina la Chumvi hakupewa na wazazi. Aliwahi kuapa kwamba alipiga plasta laini mpaka mijusi ikateleza ukutani, ikavunjika viuno. Mtu akisema hivyo miaka thelathini, siku akiwa na neno la kweli hana pa kuliweka.

Walikuwa wanatoboa ukuta wa nyuma wa wodi ya saratani. Wakati wa janga la maambukizi lililopita, hospitali nzima ilikuwa na mlango mmoja, nao ukafungwa. Safari hii, likija jingine, wagonjwa hawa wawe na njia yao, wasipite katikati ya wanaokohoa, wala wasiambiwe wasubiri.

"Ramani imeshapitishwa na wakubwa," mhandisi alisema. "Linta ya zege ya kukaa juu ya mlango imeshamwagwa, imekauka. Kiti cha magurudumu kinapita vizuri."

"Na asiye na kiti?"

"Atatembea."

"Na asiyeweza?"

"Mzee wangu, leo sina muda wa hadithi."

Chumvi aliilaza tindo chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Wakati wa janga lile, mke wangu walimrudisha wiki tatu bila dawa. Uvimbe haukusubiri, uliendelea kufanya kazi. Wiki ya nne wakatufungulia kimlango cha stoo. Mimi kushoto, dada yake kulia, yeye katikati anaburuta miguu. Hatukuenea. Akasema, 'Niacheni, mnanibana kama kabati.' Tukamwachia hatua moja. Moja tu. Akaanguka kizingitini. Tulipomwinua akasema twende nyumbani. Hapa hakutia mguu tena."

Mhandisi alimtazama, akisubiri mahali pa kuchekea.

"Nawe mzee! Ukuta unaangusha mijusi, mlango unaangusha watu?"

Chumvi alitabasamu kwa mazoea. Midomo ilitii, macho yakakataa.

"Alikuwa amevaa sweta la kijani."

Aliyesema ni sista wa wodi, aliyekuwa akifunika vitanda kwa shuka kuvikinga na vumbi. Hakugeuka.

"Nilikuwa upande wa ndani. Nilinyoosha mikono, nikairudisha. Tulikatazwa kumgusa mtu yeyote kabla hajapimwa."

Chumvi aliikumbuka barakoa iliyosimama ndani ya kimlango kile siku ile; hakuwahi kujua ilikuwa imefunika uso wa nani. Alimgeukia sista.

Mhandisi alivua kofia ngumu, akaipangusa ingawa haikuwa chafu.

"Nisamehe, baba," alisema. Kisha akavuta futi. "Watu watatu ni ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Linta itakuwa fupi."

"Nitamwaga nyingine."

"Na wakubwa nitawaambia nini?"

"Waambie ni tindo."

Mhandisi alikunja ramani mara mbili, akaitia kwapani. "Wakubwa niachie mimi. Leo nitawatilia chumvi mwenyewe."

Linta mpya ilikaa siku kumi na nne kwenye mbao zake. Zilipotolewa, mwanga uliingia wodini mpaka kitanda cha tatu. Chumvi alishusha timazi kila upande, uzi ukatulia. Angeweza kuondoka. Badala yake alitoka nje, akasimama upande wa kushoto wa mlango, mkono wa kulia ameukunja kama ameshika kiuno cha mtu.

Sista alimwona. Aliweka sinia la dawa chini, akatoka, akasimama upande wa kulia, mahali pa yule dada.

"Taratibu," Chumvi alisema.

"Taratibu, shemeji."

Kizingiti kilikuwa kimemwagwa asubuhi hiyo, bado kibichi. Waliinua miguu pamoja, wakakivuka bila kukigusa, na katikati yao pakaingia nafasi ya mtu mmoja, haijabanwa popote.