Ghorofa za Msitu

Ti! Kitu kidogo kiligonga bati, kikaviringika hadi ukingoni, kikaanguka. Kimya. Kisha tena: ti, ti-ti!

"Ni yule mrusha mawe," Akongo alinong'ona, akijibana kwenye sketi ya mama yake, Joan.

Umeme ulikuwa umekatika Rubongi yote. Joan alikuwa tayari mlangoni, mkoba begani, anakwenda Tororo mjini kwenye masomo yake ya jioni ya ualimu wa chekechea. Leo zamu yake ya kufundisha mbele ya mkufunzi ilikuwa imefika, na asiyefundisha hafanyi mtihani. Lakini tangu wahame Busia kuja kukaa hapa kwa nyanya, mama yake Joan, Akongo hakubali kuachwa jioni. Kila Joan akiondoka, simu humkuta njiani: rudi, mtoto analia mpaka anatapika.

"Nani amekuambia habari hizo?"

"Edgar wa jirani. Anasema wachawi wanakimbia usiku bila nguo, wanarushia nyumba za watu mawe."

Nyanya Proscovia akacheka kutoka jikoni. "Huyo Edgar bado nakojoa kitandani! Wewe nasikiliza yeye ya nini?"

Akongo hakucheka. Jana Joan alimwambia hakuna kitu, lala, na haikusaidia. Akatua mkoba, akachukua taa ya mafuta. Harufu yake ikamfikisha mbali.

Baba yake, Odoi, alikuwa mpasua mbao huko msitu wa Mabira. Alikuwa akirudi mwisho wa mwezi na unga wa mbao masikioni, na kabla hajala, Joan alikwishampa taa: "Baba, twende msituni." Hawakuwa na kitabu chenye picha. Msitu wao ulikuwa chumba hiki hiki, na baba aliupanda ghorofa kwa ghorofa, akiiga mabawa ya hondohondo mpaka mama analalamika chakula kinapoa. Miaka mingapi Joan hakuwa ameukumbuka mlio ule!

Akachutama sakafuni. "Hapa chini ya kitanda anaishi nani?"

"Kandambili zangu."

"Na nguruwe mwitu. Chini msituni ni giza hata mchana, yeye anafukua majani, anatafuta matunda yaliyoanguka."

Akainua taa hadi mezani. "Hapa kwenye vichaka?"

"Kinyonga?"

"Ehee! Na juu ya kabati, kima. Pale kwenye boriti anakaa mbega, mweusi, mkia mweupe kama umefuliwa na nyanya. Yeye kushuka chini hapendi."

"Na juu ya bati?"

"Huko ni vileleni kabisa. Hondohondo anapita, fuu, fuu, fuu." Sauti ya Joan ilitoka kama ya baba yake. "Halafu giza likiingia, anakuja popo. Anachuma tunda, analifyonza utamu wote. Kokwa anaifanyaje?"

Akongo alifikiri. "Anatema."

Ti!

Mtoto akatazama juu. Joan alifungua mlango, akamshika mkono. Walisimama chini ya mzambarau ulioinamia bati. Juu yao mabawa yalipapatika, moja, jingine, mengi. Akongo akainama kwenye mwanga wa taa, akaokota kokwa iliyolowa, bado ina nyama ya zambarau na alama za meno.

"Si jiwe?"

"Tazama mwenyewe."

Akaigeuzageuza, akainusa. Joan akatamani taa hii ingekuwa mkononi mwa baba, na yeye awe na umri wa mtoto huyu, usiku mmoja tu.

Bodaboda ya kumpeleka mjini ikapiga honi barabarani. Joan hakusogea. Akongo akakimbia ndani, akapiga magoti, akaisukuma kokwa chini ya kitanda kwa ajili ya nguruwe. Kisha akaenda jikoni, akapanda mapajani mwa nyanya yake, akafuta vidole vyake vya zambarau kwenye leso ya bibi huyo.

"Mama, nenda, utachelewa."