Kioo Kilichosomwa Mlangoni

Hebu niambie, ukipewa kioo kinachojua joto, utakitundika wapi nyumbani kwako? Usijibu haraka. Baba yangu, Dhadho, alihangaika siku tatu kutafuta mahali, na yeye hakuwa mtu wa kukawia katika kazi.

Siku hizi kipimajoto kiko kila zahanati. Lakini yapata mwaka 1904, katika kijiji chetu kilicho ukingoni mwa mto, juu kidogo ya Garsen, hakuna aliyekuwa amekiona. Kililetwa na mzungu mmoja mpima mto, aliyetaka kujua kama ardhi yetu itafaa pamba. Alipiga kambi Garsen, akawa anapita kijiji hadi kijiji na mkalimani wake, Guyo, Muorma mfugaji wa mbugani aliyejua Kiswahili cha Lamu na utani wa kila lugha.

Kioo chenyewe kilikuwa mrija mwembamba uliofungwa kwenye ubao mweusi, urefu wake tangu kiwiko hadi ncha za vidole. Ndani ya mrija kulikuwa na zebaki, inayopanda na kushuka kama mkia wa mjusi, na pembeni vistari vidogo vilivyopangana. Baba hakujua kusoma, ila kuhesabu vistari aliweza. Akapewa kazi: kila jua likichomoza na kila alasiri atazame zebaki imefika wapi, kisha akate alama kwenye fimbo. Guyo angepita kila mwezi uandamapo kuichukua fimbo. Mahali pamoja kwenye ubao Guyo akafunga uzi mwekundu.

"Hapa ndipo joto la damu ya mtu," alisema. "Likipita uzi, hiyo ni homa. La ng'ombe liko juu zaidi, lakini nyinyi walaji wa ndizi, ng'ombe mtawatoa wapi?"

"Tunawaona kila mnapokuja kutulilia maji," baba akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Kabla hawajaondoka, mzungu akamsikia dada yangu Binti akikohoa ndani. Binti alikuwa na miaka minne. Mzungu akatoa mfukoni kioo cha pili, kidogo kama kijiti cha mswaki, kimelazwa ndani ya kibweta cha shaba.

"Bwana anasema hiki ni cha mwili," alisema Guyo. "Unakikung'uta kwanza, halafu unakiweka kwapani. Yeye anacho kingine kambini. Mkitaka, hiki atawaachia."

Bibi yangu Madina, mama yake baba, alikuwa ameketi kwenye mkeka akisuka ukili. Hakuinua macho. "Kimekaa kwapa la nani hicho?"

"La bwana mwenyewe, alipopata homa. Pengine hata mdomoni."

"Mdomo unaokula nguruwe."

"Kimeoshwa, mama."

"Kimeoshwa mara saba, na moja kwa udongo?"

Hilo Guyo hakulitafsiri. Mzungu alikuwa amenyoosha mkono, kile kibweta kinang'aa juani, naye anangoja. Baba alimtazama mama yake, akakitazama kibweta, kisha akasema, "Mwambie bwana tunashukuru sana. Hiki kikubwa kinatosha. Joto ni joto."

Mama yangu, Mwanaarusi, alikuwa karibu na mlango akimenya ndizi za kupika. Aliniambia baadaye kwamba maneno yalimfika kwenye ulimi: kichukueni, nitakiosha mimi, hata mara sabini. Lakini mke wa mwana hasemi mbele ya mavyaa wake na mgeni amesimama. Akaendelea kumenya ndizi. Kibweta kikarudi mfukoni.

Basi baba akaanza kutafuta mahali pa kioo chake. Kwanza alikitundika kwenye mti ulio mbele ya nyumba, lakini kufika saa nne jua lilikigonga na zebaki ikapanda kama iliyotishwa. Guyo alikuwa amemwonya: kioo kionje upepo, kisionje jua. Akakihamishia kwenye nguzo ya jikoni. Moshi ukakipaka masizi, na kila chungu kilipoinjikwa zebaki ilipanda. Mwisho akapata chini ya ghala la mpunga, lile lililosimama juu ya miguu minne, upande usiofikiwa na jua, urefu wa kifua chake. Upepo wa mto unapita pale mchana kutwa. Asubuhi akawa anakuja na kitambaa, anapangusa umande kwenye kioo kama alivyofundishwa, anakodoa macho, anahesabu, kisha anakata fimbo.

"Mwanangu ameoa wa pili," Bibi Madina akawaambia majirani. "Wa kioo. Anamfuta uso kila asubuhi, na huyu Mwanaarusi hajafutwa hata siku moja."

Mama naye akacheka. Ilikuwa siku za kucheka bado.

Mvua zikaanza, mto ukajaa maji mekundu, mbu wakaja. Siku ya Jumatatu Binti aliamka hataki uji. Kufika adhuhuri alikuwa anaungua. Mama alimwekea mkono kwenye paji la uso, akauondoa kama mtu aliyegusa sufuria.

"Baba Binti, mtoto ana homa. Homa kali."

"Ngoja," baba akasema. "Tusikisie na kitu cha kupimia kipo."

Nyumba zetu wakati ule zilikuwa za msonge, za nyasi tangu juu hadi chini, zenye mlango mmoja wa kuinamia. Ndani ni giza hata mchana. Na kwetu mtoto mgonjwa hatolewi nje mpaka jasho limtoke na mwili upoe. Akipigwa na mwanga na upepo, wazee walisema, ugonjwa utamwingia mifupani. Kwa hiyo Binti alilazwa ndani kabisa, nyuma ya mkeka. Baba akakifungua kioo ghalani, akakiingiza chini ya kwapa la mtoto pamoja na ubao wake. Ubao ulimuumiza mbavu, akalia. Walingoja kadiri ya kuchemsha maji ya uji. Kisha baba akakichukua, akainama, akatoka nacho mlangoni kwenye mwanga. Akakipangusa jasho la mtoto kwa kitambaa, taratibu, asikose kistari hata kimoja, huku upepo wa mvua ukimpiga. Akahesabu.

"Chini ya uzi," alisema. "Vistari vinane chini. Hana homa."

"Mimi nimemshika."

"Mikono yako imetoka jikoni, Mama Binti."

Bibi Madina akasema ni meno ya nyuma, akasaga majani, akampaka mtoto fizi.

Jumanne ikawa hivyo. Jumatano ikawa hivyo. Kila mara kioo kilitolewa kwapani, kikapelekwa mlangoni, kikapanguswa, kikasema hakuna homa. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Binti hata wenzake wakamcheka kwa kumbeba mgongoni shambani. Kambini kwa mzungu kulikuwa na kwinini, na mtumbwi ukifuata maji yaliyojaa ungefika Garsen kabla ya magharibi. Lakini kumtoa mtoto ndani, kumpitisha kwenye mvua na mto uliofura, kwa ushahidi wa mkono wa mwanamke peke yake? Kama kioo kingesema, angekwenda usiku huohuo. Alikuwa anakingoja kioo kiseme.

Alhamisi asubuhi Binti hakumjua tena bibi yake. Baadaye mama akabaki peke yake na mtoto. Akakiweka kioo kwapani, akangoja, kisha badala ya kukitoa akawasha kienge cha nyasi motoni, akakileta karibu, akainama palepale gizani. Zebaki ilikuwa juu ya uzi. Mbali juu. Akamwita baba. Baba akaja mbio, akakichukua, akatoka nacho mlangoni, akakipangusa.

"Chini ya uzi," akasema.

"Kilikuwa juu. Nimekiona kwa macho yangu."

"Kwa moto wa nyasi?" Bibi Madina, aliyekuja nyuma ya baba, akauliza bila ubaya. "Una siku tatu hujalala, mwanangu. Hata mimi ningeona nyota humo ndani."

Mama aliniambia kwamba wakati ule alianza kujitilia shaka mwenyewe, akawa anautazama mkono wake mbele na nyuma kama mkono wa mtu mwingine.

Mchana ule akafika Guyo, ameloa hadi kiunoni, kuchukua fimbo. Alikuta kioo hakiko ghalani.

"Mmekila?" aliuliza.

Baba akamweleza. Guyo aliacha kucheka kabla hajamaliza kusikiliza. Akaingia ndani, akachuchumaa kando ya Binti, akamshika sikio kwa vidole viwili, jinsi watu wake wanavyomshika ndama wanapotafuta homa. Akakaa hivyo kidogo.

"Ndama akiwa hivi," alisema, "hatumpeleki malishoni."

"Kioo kinasema hana homa," baba alisema.

"Hiki si cha mwili, Dhadho. Kile kidogo kikipanda hukaa palepale kilipofika, mpaka ukikung'ute. Hiki cha upepo hakikai. Ukikitoa kwapani kinaanza kushuka hapo hapo. Wewe unakipeleka mlangoni, unakipangusa, unakipepea, ndipo unahesabu. Siku zote hizo umepima mvua."

Baba akaketi chini. Kioo kilikuwa bado mkononi mwake, na zebaki inashuka huku akiitazama. "Basi lete kile kidogo," alisema. "Lete na dawa."

"Bwana amefungasha, mimi nimebaki kukusanya fimbo. Mashua zake zimeondoka Garsen jana asubuhi, zinashuka Kau, karibu na mdomo wa mto. Dawa zote zimo humo. Huenda atalala Kau siku mbili. Huenda hatalala."

Mvua ilikuwa inapiga nyasi za paa. Binti, dada yangu ambaye mimi sikuwahi kumwona, alikuwa anapumua harakaharaka kama ndege aliyeshikwa mkononi.

"Mvua ikipungua," Bibi Madina alisema hatimaye, "jasho likimtoka, tutaona. Hatolewi nje hivi, Dhadho. Unajua hatolewi."

Baba alimtazama mama yake, kisha akautazama mto kupitia mlangoni. Hakuinuka. Guyo alikuwa anashughulika na fimbo, anahesabu alama za upepo ambazo hakuna aliyezihitaji.

Mama akaweka mkeka kando. Akamfunga Binti kwa kanga mbili, moja kavu na moja yenye unyevu, akambeba kifuani, akasimama mbele ya mavyaa wake, jambo ambalo katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kulifanya.

"Mama, unisamehe," alisema. "Nataka mtumbwi. Nataka kumpeleka mwanangu Kau, hata mvua ikiwapo, hata bwana akiwa ameondoka. Tangu Jumatatu nataka kumtoa mwanangu nje."