Jina Nisilolitaja

Katika miaka minne niliyoishi kwenye boma la kina Griffin, mume wangu, karibu na Bukura, sikuwahi kutaja jina la baba mkwe wangu. Kwa mila yetu hakuna mke wa mwana anayelitaja. Nilimwita Mzee. Akiingia jikoni nilitoka, kiti chake sikukikalia, na mkono sikumpa. Mwaka wa kwanza wanawake wa jirani walinitania tukiteka maji. "Muhonja, Mzee akipotea sokoni utamwitaje?" Niliwajibu nitapiga sufuria mpaka ageuke. Mke akiteleza na kulitaja jina, anatoa kuku wa faini. Mimi sikuwahi kutoa kuku, na mama mkwe wangu, Mama Priscah, alinisifu kwa hilo.

Ashley alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Griffin. Alikuwa na miaka minane. Alilala kwa Mzee na Mama Priscah, lakini kula na kuoga kulikuwa kwangu, kwa sababu tulizoeana. Siku moja ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, nilikwenda stoo kuchukua mahindi ya kusaga, nikamwona Mzee akitoka humo. Ndani nilimkuta Ashley amejikunyata nyuma ya magunia. Hakuwa akilia. Aliniambia maneno machache tu, nami nikaelewa.

Nilitaka kumwosha. Maji yalikuwa ya moto tayari jikoni, na mkono wangu ulishashika beseni. Lakini niliwahi kumsikia muuguzi kliniki akisema mtoto aliyetendewa hivyo asioshwe, apelekwe vile alivyo, na nguo zake ziwekwe ndani ya karatasi, si plastiki. Nikaweka beseni chini. Tulifika hospitali Kakamega kabla ya saa tisa. Daktari alimpima, akampa dawa, akajaza fomu. Kwa hiyo jambo lililomfika Ashley halikuwa na ubishi. Swali lilikuwa ni nani, na hapo ndipo nilipokosea.

Kituoni afisa wa kike alinikalisha kwenye kiti kizuri na kuniuliza nilimwona nani. Nilitazama sakafu, nikasema ni mtu wa boma letu. Akaniuliza jina. Nikasema ni mkubwa wa boma. Akaniuliza tena, nami nikarudia yale yale. Akaandika nilivyosema, akanisomea, nikatia sahihi. Niliacha shule darasa la sita, lakini kilichoandikwa nilikisikia vizuri, na wakati ule nilidhani nimesema yote. Kwetu ukisema mkubwa wa boma, hata mtoto anajua unamsema nani.

Baadaye Ashley mwenyewe alimwonyesha kwa kidole, Mzee akakamatwa, kisha akatoka kwa dhamana. Ashley akapelekwa kwenye makao ya watoto mjini. Mimi nilihamia kwa dada yangu kule Mukumu, kwa kuwa pale bomani hakuna aliyenisalimia tena. Griffin, ambaye ni fundi wa magari mjini, alikuja Jumapili. Tulizungumza habari za kazi yake na mvua. Habari ya baba yake hatukuigusa.

Wazee wa ukoo nao walikuja Mukumu, watatu, wakiwa wamevaa makoti. Walisema mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani, kwamba Mzee yuko tayari kutoa ng'ombe, na Ashley arudi kwa bibi yake alelewe na damu yake. Waliongea kwa upole sana. Niliwapa chai, nikawasikiliza hadi mwisho, nikawasindikiza hadi barabarani. Nadhani waliondoka wakiamini nimekubali.

Ashley aliitwa kortini mwezi wa pili. Walimweka nyuma ya pazia ili asimwone Mzee, na akaanza vizuri, kisha akasikia Mzee akikohoa. Hakusema neno jingine. Wakili wa serikali, mama mmoja aitwaye Chepkirui, aliniambia wazi kuwa sasa kesi imebaki mikononi mwangu. Ikianguka, watu wa ukoo wataomba mtoto arudishwe, na korti haitaona sababu ya kutosha ya kuwazuia.

Siku yangu ilipofika, Mama Priscah alikuwa amekaa benchi la mbele. Griffin alikaa karibu na mlango. Mzee alisimama kizimbani, nami nilitazama meza ya karani. Nilieleza habari ya stoo, ya hospitali, ya nguo. Nikasema niliyemwona ni baba mkwe wangu.

Wakili wa Mzee akainuka. Alikuwa kijana, na hakunipigia kelele. Aliomba nisomewe maneno niliyoandikisha kituoni: mtu wa boma letu, mkubwa wa boma. Akauliza boma lile lina wanaume wangapi wazima. Nikasema watatu: Mzee, mdogo wake, na mume wangu. Akauliza huyo mdogo wake mimi humwitaje. Nikasema naye pia ni baba mkwe wangu.

"Na mume wako," akasema, "naye hufika stoo?"

"Hufika."

"Kwa hiyo polisi walikuuliza mara tatu na hukuwa na jina. Leo, baada ya miezi saba ukiwa umekosana na boma zima, ndipo unajua ni nani."

Nilisikia benchi la kule mlangoni likilia kwa mtu kujisogeza. Hakimu akaniuliza kwa nini sikutaja jina. Nikamwambia mimi ni mke wa boma lile, na jina hilo halitoki kinywani mwa mke. Watu wawili watatu wakacheka. Hakimu akawatazama wakanyamaza, kisha akamwambia karani anipe karatasi na kalamu. Alisema nikishindwa kutamka, niandike.

Nilishukuru moyoni. Nilishika kalamu, nikaandika herufi ya kwanza. Hapo nikakumbuka kuwa Ashley hakupewa karatasi. Yeye aliambiwa aseme kwa mdomo, mbele ya watu asiowajua, mambo ambayo mimi mkubwa nisingeweza hata kuyaandika. Nikaweka kalamu mezani.

"Mheshimiwa, nitasema," nikasema. "Ni Sylvanus Masinde. Si mdogo wake, na si mume wangu. Ndiye yule pale, mwenye koti la kijivu."

Nilimtazama usoni nilipokuwa nikimwonyesha. Miaka minne, na sikuwahi kujua kwamba jicho lake la kushoto lina doa jeupe. Yeye ndiye aliyetazama chini. Wakili wake aliniuliza maswali mengine mengi, nami nikayajibu yote, na kila nilipohitaji jina nililitaja. Mara ya tatu au ya nne lilikuwa jina tu.

Nje, Mama Priscah alinisubiri kwenye ngazi. Nilimpisha kama nilivyozoea, lakini hakupita.

"Usirudi nyumbani," alisema. "Vyombo vyako nitavituma."

"Sawa, mama."

Alijifunga leso yake upya, ingawa haikuwa imelegea. "Mtoto, huko aliko, analala?"

"Analala. Wanamwachia taa."

"Kwangu alikuwa akikataa kulala," alisema. "Nilimchapa kwa hilo." Kisha akashuka ngazi akishika ukuta, na sikujua nimfuate au nimwache. Nilimwacha. Griffin alikuja akachukua mkoba wangu. Tulitembea hadi karakana yake, na hakuniachia mkono njiani.

Hukumu ilisomwa mwezi wa sita. Masinde alifungwa, na hakimu akaandika kuwa Ashley asirudishwe kwenye boma lile. Jumamosi iliyofuata mimi na Griffin tulikwenda kumwona Ashley. Mlezi wake alikuwa amemweleza tayari, lakini alitaka kusikia kutoka kwangu. Alinivuta hadi nyuma ya jiko la makao, ambapo hakukuwa na mtu.

"Anti, ni kweli ulisema wewe?"

"Ni mimi."

"Na watu walikuwepo?"

"Walijaa."

"Ulisema Mzee, ama ulisema jina?"

"Nilisema jina. Majina yake yote mawili."

Alifikiri sana, uso wake umekunjamana. "Ulitoa kuku?"

Nikamwambia bado hakuna aliyekuja kunidai. Akasema wakija niwaambie sina, na kama nitakuwa naye, tumle sisi.