Nyumba Ambayo Karnik Alikatazwa Kuigusa

Zaruhi alikuwa akijaza wali na zabibu kavu ndani ya magamba ya kome wa baharini, chakula cha Kwaresima, aliposikia maji yakidondoka tena kwenye beseni. Paa la nyumba yake ya mbao pale Kurucheshme, ukingoni mwa Istanbul, lilikuwa limeoza. Mwanawe Karnik, msanifu wa majumba ya Sultani, akatazama juu na kukunja uso.

"Mama, nipe siku moja tu."

"Usiguse hata msumari! Majirani wanacheka, wacha wacheke. Mvua ya ndani haijaua mtu."

Zaruhi alikuwa na sababu. Karnik akiingia ndani ya kuta alizojenga mwenyewe, macho ya watu hayakumwona tena, sauti yake tu ilisikika. Ndivyo alivyokuwa baba yake, na babu yake pia. Kazini mafundi walimvisha kengele shingoni, wapate kujua amesimama wapi. Jumba jipya lilipofunguliwa, alikuwa hatua tatu kutoka kwa Sultani, na kofia yake nyekundu kichwani. Karani alisoma kwamba jumba limesimama kwa fikra za Sultani mwenyewe, ambaye jina lake liling'aa kwa dhahabu juu ya lango. Wageni walipouliza msanifu ni nani, waliambiwa pengine ni Mtaliano.

"Na wewe ukanyamaza?" Zaruhi alimuuliza siku hiyo.

"Nilisema, mama. Wakageuka, wakadhani ni upepo, wakafunga dirisha."

"Basi pa kukuona ni hapa tu. Pavuje."

Lakini mtoto mwenye huruma ni mtihani. Jumapili, mama yake akiwa kanisani, Karnik alipanda na mbao mpya. Mahubiri yalikuwa marefu. Akabadilisha paa lote, na ukuta wa jikoni akausimamisha upya.

Zaruhi alirudi akakuta nyumba kavu, inanukia mbao.

"Karnik?"

"Nipo, mama. Karibu na jiko."

Akavua mtandio, akaukunja.

"Sikio la kufa wewe! Sasa ukikonda nitajuaje?"

"Nitakuambia."

"Hutaniambia. Baba yako hakuniambia."

Akampakulia. Kome wakapungua sahanini mmoja mmoja.

Tangu hapo, kila asubuhi Zaruhi hutangulia nje, mara nyingine bila viatu, husimama barabarani akingoja mlango ufunguke. Karnik akivuka kizingiti, humshika mashavu, humtazama macho, shingo, mikono. Kisha humwachilia, maana Sultani ameagiza jumba lingine.