Kisanduku cha Picha za Rahel

Abdulswamad alikuwa mwana wa Abasi, karani wa mizani katika ghala la ushirika, ambaye kwa miaka ishirini na sita alipima mahindi ya watu na hakulalamikiwa hata ratili moja. Abasi naye alikuwa mwana wa Halidi, aliyewafundisha watoto Kurani chini ya milima ya Uluguru bila kudai ujira. Na kwa upande wa mama, ambao kwa Waluguru ndio upande wenye ukoo, alitokana na Bi Mwanvita, mwanamke ambaye waliogombania mipaka ya mashamba walimfuata awe shahidi wao, kwa kuwa walijua atasema alichokiona hata kama kitamuumiza ndugu yake. Wote hao walizikwa na majina yao yakiwa safi. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, na sasa, akiwa na miaka sabini na minane, aliishi Bigwa, chini ya milima hiyohiyo, katika nyumba ambayo kila kitu kilikuwa na mahali pake na kila swichi ilikuwa na saa yake ya kuzimwa.

Mtu pekee aliyeruhusiwa kuvuruga utaratibu huo alikuwa mjukuu wake Shadya. Binti huyo alikuwa fundi wa kompyuta, na meza yake ya kazi aliiweka sebuleni, pale pale yalipokuwa yakikaa magazeti ya babu. Mwezi ule alikuwa akimtengenezea seva rafiki yake Rahel, aliyesoma naye tangu kidato cha kwanza. Rahel alikuwa mpiga picha huko Mlali. Harusi, ubatizo na mazishi ya miaka mitano, picha za familia zaidi ya mia mbili, zote zilikuwa ndani ya kompyuta mpakato moja iliyokwisha kuzeeka, ambayo diski yake ilikuwa ikigonga kwa ndani kama saa mbovu.

Seva yenyewe, hiyo mashine ya kutunzia picha zote mahali pamoja, haikuwa na fahari yoyote. Ilikuwa kompyuta ndogo ya ofisini iliyotupwa, yenye ukubwa wa msahafu, ambayo Shadya aliipata kwa mafundi wa vyuma chakavu. Aliisafisha kwa brashi ya kupakia rangi, akaitia kadi ya kumbukumbu iliyotoka kwenye mashine nyingine, akatoboa ubavu wake ili ipumue. Diski zingekuwa mbili, kila picha ikiandikwa kote kuwili, moja ikifa nyingine ibaki.

"Na hiki kitakaa kimewashwa usiku na mchana?" aliuliza babu siku ya kwanza, mikono nyuma, kama anayekagua mstari wa wanafunzi.

"Ndiyo, babu. Seva hailali."

"Hata askari wa zamu husinzia."

"Ndiyo maana anaibiwa."

Rahel, aliyekuwa amekuja kuiona kazi, alicheka, akakumbuka alipo, akafunika mdomo.

"Unacheka, binti? Uniti za umeme utanunua wewe?"

Shadya hakubishana. Alizima jokofu, redio na kila taa, akaacha kisanduku peke yake, kisha akamshika babu mkono mpaka kwenye mita. Kitaa chekundu cha mita kilikuwa kikikonyeza polepole mno, mpaka mzee alidhani kimeharibika. Shadya akamwomba ahesabu kwa saa yake ya mkononi. Alipokwisha kuhesabu, akaiwasha taa ya barazani, ile ya zamani ambayo babu alikataa katakata kuibadilisha. Kitaa kikaanza kukimbia.

"Taa yako inakula mara nne ya seva yangu."

"Taa yangu inafukuza wezi. Hiki kinafanya nini?"

"Kinatunza vitu vya watu visipotee."

 Hilo mzee alilielewa, maana kwao kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwako huitwa amana, na amana hailali. Hakumsifu mjukuu wake, kwa kuwa hakulelewa kusifu watoto mbele yao. Lakini jioni ile, walipotoka msikitini, aliwaeleza wenzake habari za mita na kitaa chekundu mara mbili, na mmoja aliyechelewa akaelezwa mara ya tatu.

Ikafika Alhamisi ya kunakili picha. Rahel alikuja na kompyuta yake asubuhi, ikaunganishwa na kisanduku, na zote mbili zikachomekwa kwenye waya mmoja wa upanuzi, kwa sababu betri ya kompyuta ya Rahel ilikufa zamani. Picha zikaanza kuhama mwaka baada ya mwaka. Saa nane mchana fundi mmoja wa mjini akapiga simu kwamba diski ya pili imepatikana, ifuatwe upesi kabla hajaiuza kwa mwingine.

"Babu, tunakuachia," alisema Shadya akivaa viatu. "Usikizime. Kikikatishwa katikati ya kuandika, kinachoandikwa kinaharibika. Na ile diski ya Rahel ikizimika, sidhani kama itaamka tena."

"Nimesimamia mitihani ya taifa miaka kumi na tisa, nitashindwa na kisanduku?"

Alikaa akilinda kweli. Alivuta kiti, akaweka gazeti magotini asilisome, akitazama namba zikipanda kwenye kioo.

Saa tisa kasoro radi ilinguruma juu ya mlima.

Sasa, Abdulswamad alizaliwa huko juu, ambako radi si jambo la kusimuliwa. Mamaye alimfundisha kwamba radi ikinguruma vioo hufunikwa kwa kanga, hakuna anayesimama mlangoni, na hakuna anayechota maji. Umeme ulipoingia, liliongezwa la nne, kuchomoa kila kitu ukutani, na sheria hiyo ya nne aliwafundisha watoto wa shule tatu alizoziongoza. Alifunika kioo cha kabati. Alichomoa jokofu. Alichomoa redio. Kisha akasimama mbele ya kisanduku.

Alilikumbuka agizo. Hilo baadaye hakutaka mtu amsamehe kwa kudhani alisahau. Alilikumbuka neno kwa neno. Lakini radi ya pili ilipasuka karibu hata mabati yakatetemeka, naye akajiambia kwamba binti huyu anajua mashine ila hajui radi, kwamba ikipita kwenye waya itaunguza vyote, na kwamba mwenye umri ndiye mwenye kuamua. Akavuta plagi. Feni ndogo ikazunguka kidogo kwa kujikongoja, ikanyamaza. Kioo cha kompyuta ya Rahel kikawa cheusi.

Dakika kama ishirini baadaye umeme ulikatika mtaa mzima. Mvua ilipotulia, mzee alichomeka kila kitu kama sheria inavyotaka, akarudi kwenye kiti chake, akangoja.

Mabinti waliingia wamelowa chapachapa, diski ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa sukari kifuani kwa Shadya.

"Mungu wangu, umeme!" alisema Rahel. "Shikamoo babu. Ulikatika saa ngapi?"

"Marahaba. Saa tisa na robo hivi."

Lilikuwa jibu la kweli, na ukweli wake ndio uliomchoma. Shadya aliinamisha kichwa juu ya meza. Rahel akashusha pumzi, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Umeme ni umeme. Hakuna wa kulaumiwa."

Mzee aliitazama plagi iliyotulia ukutani bila alama yoyote. Hakuna ambaye angejua. Wangekwenda maisha yao yote wakiamini hivyo, naye angeendelea kuitwa mwalimu. Alihisi kwa mara ya kwanza jinsi jambo hilo lilivyo jepesi, na wepesi wake ukamtisha kuliko radi.

"Rahel," aliita, akasimama. "Umeme ulikatika kama nilivyosema. Lakini kisanduku kilikwisha kuzimika kabla. Nilikichomoa mimi, kwa mkono huu, na akili zangu timamu. Niliogopa radi."

"Babu, nilikuambia..."

"Uliniambia, na nilisikia. Nilidhani najua zaidi."

Rahel alikaa kwenye kigoda taratibu, kama mtu aliyewekewa mzigo kichwani. Hakulia. Aliuliza tu, "Ilikuwa imefika wapi?"

Jibu walilipata umeme uliporudi, saa kumi na moja. Kisanduku kiliwaka chenyewe, kikajikagua. Kompyuta ya Rahel iligonga mara tatu, ikanyamaza, na haikusema tena. Shadya alipekua faili moja baada ya nyingine. Harusi zilikuwepo. Mazishi yalikuwepo. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kazi moja ya mwisho, jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya Mzee Yeremia na Bi Filomena. Kati ya picha sabini na mbili zilikuwa zimefika tisa.

Mzee Yeremia alikuwa amefariki wakati wa Kwaresima. Albamu ilikuwa ikisubiri watoto wao wakusanyike.

"Nitamwambia Bi Filomena kompyuta iliharibika," alisema Rahel. "Si uongo, babu. Imeharibika."

"Nami nitakuwa nimekufundisha kusema hivyo. Hapana. Nitakwenda mwenyewe."

"Babu, mvua, na miguu yako..." alianza Shadya.

"Miguu yangu haikuulizwa."

Jumamosi walikodi bajaji mpaka Mlali. Shadya alikipakata kisanduku njia nzima. Waliweka kila kitu mahali pake chumbani kwa Rahel, juu ya rafu, mbali na dirisha, diski zote mbili zikiwa ndani na picha zote zikiwa zimeandikwa kote kuwili. Zilikuwa zote, ukiondoa zile sitini na tatu. Shadya alimwonyesha babu kitufe kimoja cha mbele: ukikibonyeza mara moja ukangoja kitaa kizimike, hapo unaweza kuchomoa hata radi ikiwa dirishani. Mzee alimwomba arudie. Akaandika kwenye daftari lake dogo kwa kalamu ya wino.

Kisha wakavuka njia kwenda kwa Bi Filomena.

Mama huyo alikuwa akipepeta maharage. Ukoo wake na ukoo wa Abdulswamad walikuwa watani tangu zamani, basi hakumwacha akae.

"Shikamoo, mwalimu. Leo umekuja kuomba ugali au umekimbiwa?"

"Marahaba. Leo usinitanie kwanza. Nimekuja na kosa."

Alilisema akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kulipunguza wala kulipamba. Ungo ulitulia. Bi Filomena aliuweka chini.

"Zote?"

"Zimebaki tisa," alisema Rahel, akamkabidhi simu. "Lakini si za kanisani, mama. Ni zile za mwanzo, nyumbani, kabla ya misa. Hata sikuwa nimekusudia kuzisafisha."

Katika picha ya kwanza Mzee Yeremia alikuwa ameketi kitandani akivaa soksi, ulimi umetoka pembeni kwa bidii. Katika ya nne alikuwa amesimama kidevu juu, na mikono ya mkewe ikimfunga kifungo cha shingo. Katika ya tisa alikuwa akimcheka mtu asiyeonekana.

"Alikuwa ananicheka mimi," alisema Bi Filomena. "Nilivaa viatu vya mkwe wangu." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye ya nne, akakaa nayo. "Za kanisani mtu yeyote angenisimulia. Hizi nilikuwa sijui kama zipo."

"Hilo halinipunguzii kosa," alisema mzee.

"Nani kakupunguzia? Umeniulia picha sitini na tatu, mtani wangu. Faini yako jogoo, tena mwekundu, na uje naye mwenyewe kwa hiyo miguu yako. Keti sasa, unanizibia jua."

Mabinti walicheka mpaka Shadya akaegemea ukuta. Abdulswamad alikaa, akaweka kofia gotini, akawangoja wamalize. Shadya aliona jicho la babu yake likimtazama kwa upendo ambao hakuwa na namna ya kuuficha, na kwa ukali uleule wa siku zote.

"Mmekwisha kucheka? Sasa sikilizeni, na mkawaambie na wenzenu wote. Mwenye kuijua kazi yake akikwambia usiguse, usiguse, hata ukiwa na miaka themanini na yeye ni mtoto wa mtoto wako. Na ukigusa, sema siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, kabla hujaulizwa. Mimi nilichelewa kwa pumzi chache tu, na pumzi hizo bado zinaniuma. Sitalirudia hili. Mmesikia?"