Kitufe Kisichoonekana

Rawdha aliifuta ile mistari kwa kiburi, tusidanganyane. Lassaad, mwenzake katika ofisi ya kutengeneza kurasa za intaneti hapo Sfax, Tunisia, alizoea kuandika kila rangi mara mbili: juu kwa namna ya zamani, chini kwa namna mpya. Kivinjari kipya hufuata ya chini. Kivinjari kikongwe kisichoielewa huiruka kimyakimya na kushika ya juu.

"We Lassaad, unamwandikia marehemu gani?" Rawdha alimcheka. "Nani bado anatumia makweche hayo?"

"Nenda kwenye vibanda vya intaneti ukajionee, dada."

"Acha uzee wako!"

Akaifuta mistari yote ya juu. Ukurasa wa kujiandikisha kwa kura ya bahati ya kwenda hija ukatoka na kitufe cha kijani chenye maandishi meupe kilichompendeza kila mtu pale ofisini.

Baba yake, mzee Khmayes, alikataa kuandikishwa na bintiye. Hija, alisema, mtu huinuia mwenyewe na kujiandikisha kwa mkono wake. Daktari alikwisha mwambia kwamba baada ya mwaka huu moyo wake hautaiweza safari. Akavaa chechia yake, kofia nyekundu ya wazee, akaenda kibanda cha intaneti, akarudi na neno moja, "Alhamdulillahi." Rawdha akachukulia kwamba amejiandikisha.

Kura ilipopigwa, jina la mzee halikutoka. Rawdha akamliwaza. "Kura ni kura, baba. Wengi wamekosa."

"Kura gani, mwanangu? Mimi sikuingia." Mzee akainamia kahawa yake. "Nilijaza yote, nikakosa pa kubonyeza. Mwenye kibanda akasema ukurasa mbovu, nikamfokea: funga bakuli lako, huo kautengeneza binti yangu!"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nikwambie kwamba macho yangu yameshindwa kuiona kazi yako?"

Rawdha alikwenda kibandani mbiombio, akaketi mbele ya kompyuta ileile kuukuu, akaufungua ukurasa. Kijani chake cha kisasa kilikuwa kimerukwa, yakabaki maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe. Alijua mahali alipokiweka kitufe. Akabonyeza palepale kwenye weupe, nacho kikamjibu upesi: muda wa kujiandikisha umekwisha.

Aliporudi nyumbani alimkuta baba yake mlangoni, akimngoja.

"Umeona? Ni macho yangu, sivyo?"

Kweli ilimfika Rawdha mdomoni, akaimeza. "Ndiyo, baba. Ni macho."

"Nilijua," mzee akasema, na uso wake ukakunjuka kwa fahari. "Kazi yako wewe haiwezi kuwa na kasoro."