Pedali Nyekundu ya Nguzo

Katika bendi walimwita Nguzo, naye kwa miaka mingi alijidanganya kwamba ni sifa. Alitaka kuamini kuwa jina hilo alipewa kwa sababu yeye ndiye anayeushikilia muziki usianguke. Ukweli aliujua, ila aliuweka mbali kama mtoto anavyoweka mbali dawa chungu: walimwita Nguzo kwa kuwa akishasimama jukwaani na gitaa lake la besi, hatikisiki. Kuna siku mpambaji wa ukumbi alipita akafunga puto kwenye shingo ya gitaa lile, akaenda zake. Nguzo alipiga nyimbo nne puto likimpapasa sikio, maana aliona haya kulifungua.

Mchana alikuwa fundi wa masofa. Huko angalau mtu akikaa akajisikia raha, huuliza sofa hili kalishona nani. Kwenye besi hakuna anayeuliza. Mpiga solo akiteleza, ukumbi mzima hugeuka kumtazama. Nguzo akiteleza, anayegeuka ni Nguzo mwenyewe, kuangalia kama kuna aliyegeuka.

Haya yote angeyameza kama si mama mkwe wake. Mama huyu alikuwa mpenda dansi wa kupindukia, japo masikio yalikuwa yameanza kumtupa mkono na ilibidi umsemeshe ukiwa umemtazama usoni. Muziki ukianza, yeye ndiye wa kwanza kuinuka, na mahali pake palikuwa palepale siku zote, mbele ya boksi kubwa la spika linalokaa sakafuni kando ya jukwaa. Watu walisema anacheza kwa mazoea tu, maskini, hasikii kitu. Basi katika sherehe ya kumuaga mwalimu mmoja aliyestaafu, bendi ikiwa imepumzika, mama mkwe alimgeukia Nguzo mbele ya wenzake wote, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri.

"Samahani, baba, nikuulize. Hivi wewe pale juu huwa unafanya nini hasa?"

Hakuuliza kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Nguzo akajibu kwamba anapiga besi, akamwonyesha kwa vidole. Mama mkwe akatikisa kichwa polepole kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenziwe bado anatafuta kazi, akamwombea heri. Wapigaji wakaangua kicheko. Kiongozi wa bendi, ambaye pia ndiye mwimbaji, alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha jasho.

Kicheko kile hakikuishia pale. Kwenye mazoezi yaliyofuata Kiongozi alikuja na hoja. Kinanda kipya cha bendi kina sauti za besi humohumo ndani, alisema, na mpiga kinanda ana mikono miwili. Mkono wa kushoto ukipiga besi, na wa kulia ukaendelea na mambo yake, bendi inapungua mtu na gari linapata nafasi. Mpiga kinanda, karani wa benki mwenye adabu nyingi, akatazama mkono wake wa kushoto kama ndiyo kwanza anauona.

"Sikufukuzi, ndugu yangu," Kiongozi akamwambia Nguzo. "Tupige hii harusi ya shemeji yako, halafu tuone kama kuna mtu atasema besi ni muhimu."

Shemeji anayeolewa alikuwa mdogo wa mkewe Nguzo. Kwa maneno mengine, angepimwa mbele ya ukoo mzima wa mama mkwe. Nguzo aliingiwa na hofu, hofu ya kweli ya kumnyima mtu usingizi. Bila bendi angekuwa mtu wa misumari na sponji, mwenye gitaa nyuma ya kabati. Akalifikiria jambo hilo huku akikwangua gundi kwenye kiti cha kinyozi, na kwa akili zake mwenyewe, bila kushauriwa na adui yeyote, akafikia uamuzi kwamba shida yake ni moja tu: hasikiki kwa sababu sauti yake ni ya upole mno. Dawa yake ni pedali ya kukwaruza sauti.

Pedali, kwa asiyejua, ni kisanduku cha chuma kinachokaa miguuni mwa mpigaji. Waya wa gitaa huingia upande huu, mwingine hutokea upande ule kwenda kwenye amplifaya, na ukikikanyaga kitufe chake sauti hubadilika. Zipo za kuifanya sauti iogelee, zipo za kuirudia kama mtu aliyeita pangoni, na zipo zile za kuikwaruza mpaka ingurume. Nguzo alizitazama sana kwenye simu, video baada ya video, na katika kila video palikuwa na kijana mwenye nywele nyingi, peke yake chumbani, akinguruma. Wala hakujiuliza kwa nini wote wale wako peke yao.

Duka la vyombo lilikuwa la mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alimpa gitaa, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya amplifaya ndogo, kisha akamuuliza swali moja.

"Unapigia peke yako au na wenzako?"

Nguzo akalichukua swali hilo kwa ubaya. Akadhani anaulizwa kama ni mwanamuziki kweli au ni mtu wa kujifurahisha chumbani. Akajibu, kwa kiburi ambacho mpaka leo akikikumbuka masikio humchoma, kwamba muziki ni muziki. Mama akaleta pedali mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, yenye sura mbaya, imetengenezwa kwa ajili ya besi. Mama akamwonyesha kifundo kimoja pembeni: ukikizungusha, sauti safi hubaki chini na sauti iliyokwaruzwa hukaa juu yake, zikaenda pamoja. Ya pili ilikuwa nyekundu inayong'aa, ya gitaa la solo, haina kifundo kama hicho, na kwa rangi nyeupe imechorwa meno.

Akaikanyaga ya kijivu, ikakoroma kistaarabu. Akaikanyaga nyekundu, duka zima likajaa. Filimbi zilitetemeka ndani ya kabati la kioo. Mtu aliyekuwa nje akinunua vocha alichungulia mlangoni. Alichungulia! Katika maisha yake yote ya besi, Nguzo hajawahi kuchunguliwa na mtu.

Mama mwenye duka akamtahadharisha kwamba ile nyekundu inakula sauti ya chini, kwamba ukiwa peke yako huligundui hilo, ila ukichanganyika na magitaa mengine utapotea. Nguzo akatabasamu kama mtu anayemsamehe mjinga. Kwa maoni yake, kununua ukali halafu uuchanganye na upole ni kununua pilipili ukaioshe. Akalipa, akaondoka na nyekundu chini ya kwapa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema, na yeye methali hiyo aliwahi kumwambia mwanawe wiki hiyohiyo.

Nyumbani alijifungia chumbani akafanya mazoezi. Mkewe alivumilia, kisha akagonga mlango kuuliza kama cherehani imeharibika. Nguzo akamweleza kwamba huo ni muziki, na siku ya harusi mama yake atajua mkwewe anafanya nini. Mkewe akamuuliza kama wenzake wameisikia hiyo sauti. Nguzo akasema bado, ni jambo la kuwashtukiza. Mkewe akasema haya, akarudi jikoni, na ile "haya" yake ilikuwa na mengi ndani ambayo Nguzo hakutaka kuyafungua.

Harusi ilifanyika mchana, kwenye ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Wimbo wa kwanza Nguzo aliupiga kama kawaida, pedali ikiwa imezimwa chini ya leso ili isionekane mapema. Mama mkwe alikuwa keshasimama mahali pake mbele ya boksi, amevua viatu, ameinua mikono, anazungusha mabega kwa mapigo yaleyale ya wengine bila kukosea hata moja. Shangazi wawili walimfuata, wakaja wajomba, mwishowe hata bwana harusi aliyekuwa amekaa kama picha akainuka.

Wimbo wa pili ulipoanza, Nguzo akapiga moyo konde, akaiondoa leso kwa ncha ya kiatu na kukanyaga.

Ngurumo ikatoka. Masikioni mwake ilikuwa ngurumo ya ajabu, naye akafumba macho, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya jukwaani: akatikisa kichwa. Alikitikisa kwa nguvu na kwa raha, akingoja ukumbi upige kelele. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe, ajabu, huwa linafurahia.

Alipofumbua macho aliona mpiga solo ameinama anakagua amplifaya yake, akiamini spika yake imepasuka. Fundi mitambo alikuwa anatambaa kwa magoti kando ya ukuta, anazifuata nyaya moja moja. Kiongozi aliimba huku akimkonyeza mpiga kinanda aongeze mkono wa kushoto, na yule karani akauongeza. Ila kila mkono wa kushoto ulipopata njia, wa kulia ulipotea, na jasho likamtoka kama mtu aliyekuta pesa za benki hazilingani. Nguzo sasa alikuwa anasikika, hilo lilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba kila aliyemsikia alidhani ni kitu kimeharibika.

Mbele ya jukwaa watu walikuwa wanapungua. Hawakukasirika, walikuwa tu wamekumbuka kwamba wana kiu. Bwana harusi alirudi kwenye picha yake. Mama mkwe alisimama mikono hewani, akashusha mmoja, akashusha wa pili. Akautazama mguu wake kana kwamba umemdanganya. Akarudia hatua, akaikosa. Mtu ambaye katika umri wake wote hakuwahi kukosa hatua alisimama katikati ya ukumbi wa harusi ya mwanawe, hajui aweke mguu wapi, na Nguzo alipouona uso wake alihisi aibu iliyomfanya atamani sakafu impasukie.

Wimbo ulikufa wenyewe. Kabla Kiongozi hajapata la kusema, mama mkwe alikuja mpaka jukwaani, pekupeku, akamwita Nguzo kwa mkono kwa kuwa ndiye mkwewe, na mtu humtuma wake. Alisimama karibu kabisa na maikrofoni ya Kiongozi. Alidhani ananong'ona, na ukumbi mzima ukamsikia.

"Baba, mimi nyimbo sizisikii tena siku nyingi, nacheza kwa kile kinachonigonga miguuni kikitoka kwenye hilo boksi. Sasa kimekatika. Kuna mtu wenu alikuwa anakipiga, sijui ni yupi, ila katika bendi yenu nzima mimi huja kwa ajili yake. Nakuomba, mwambie arudi."

Nguzo aliona maneno hayatatosha. Huyu mama alikuwa akimchezea yeye, miaka yote hii, mbele ya boksi lake, na yeye akaenda kununua meno ya kuchora ili amfukuze.

Akainama, akachomoa waya kwenye ile pedali na kuuchomeka moja kwa moja kwenye gitaa. Akateremka jukwaani, akauchukua mkono wa mama mkwe kwa heshima zote, akaulaza juu ya boksi. Kisha akapiga noti moja, ya chini kabisa, iliyo safi. Mama mkwe akashtuka. Nguzo akaukamata uzi, ikanyamaza. Akapiga tena. Mama mkwe akatazama boksi, akatazama vidole vya mkwewe, akatazama boksi. Noti ya tatu aliingoja akiwa ameshavikodolea macho vidole tu.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Akamgeukia Kiongozi na kumwambia, palepale kwenye maikrofoni, kwamba asithubutu kumpeleka huyu popote. Ukumbi ukashangilia. Kiongozi akacheka, safari hii bila machozi, akamwambia mpiga kinanda aupumzishe mkono wa kushoto. Yule karani aliitikia kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa likizo yake. Wimbo ukaanza upya, na mama mkwe akacheza mpaka watu wakamwonea wivu, macho hayatoki kwenye vidole vya Nguzo. Nguzo alipiga bila kutikisika hata kidogo. Mpaka anamaliza machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Wiki iliyofuata alirudi dukani na pedali nyekundu ndani ya mfuko, uso chini. Alikuwa amejiandaa kusemwa. Mama mwenye duka hakumsema. Aliipokea, akaipangusa, akaiweka chini ya kaunta na kuitoa ile ya kijivu. Halafu, bila kumtazama, akauliza tena kama anapigia peke yake au na wenzake.

"Na wenzangu," Nguzo akasema. "Na mama mkwe anacheza."

Mama akavaa miwani, akakizungusha kifundo cha pembeni upande wa sauti safi, mpaka karibu mwisho, akamfungia ile pedali.